Chumvi Katika Kithima

Chumvi ya gunia la pili ilikuwa imeshikana, ikabidi niipige kwa mpini wa jembe kabla haijakubali kutoka. Binti yangu Peris alisimama upande wa pili wa shimo akishikilia mdomo wa gunia. Chini yetu, futi kumi na mbili, tulisikia chumvi ikidondoka juu ya mchanga mbichi, sauti kama ya mtama unapopepetwa.

"Sasa maji," nikamwambia.

Tulikuwa na mitungi kumi. Punda alikuwa ameenda mtoni mara tatu. Tukaimimina mmoja mmoja, polepole, ili chumvi iyeyuke na maji yapate muda wa kunywewa na mchanga. Jua lilikuwa bado juu ya kilima cha kanisa.

"Mama, mtu akipita hapa atasema tunaroga choo cha kanisa."

"Mwenyekiti anajua."

"Anajua, lakini alicheka."

"Kucheka si kukataa," nikasema. "Lete huo mwingine."

Ni kweli kwamba Munyao, mwenyekiti wa mwethya wetu, alikuwa amecheka. Mwethya ni kikundi cha kazi ya pamoja: leo tunachimba mtaro shambani kwako, Ijumaa tunachimba kwangu, na kazi ya kanisa ni ya wote. Munyao ameuongoza miaka tisa na hajawahi kuwatuma watu kazi ambayo yeye hakuigusa kwanza. Nasema hivyo mapema kwa sababu mambo haya yanaweza kumfanya aonekane mtu mbaya, na si mtu mbaya.

Choo cha zamani kilititia mwezi wa nne, mvua ilipokuwa kubwa. Kilitumiwa na kanisa na pia na chekechea iliyo ndani ya uwanja wa kanisa, ambako Peris anafundisha watoto thelathini na mmoja. Afisa wa afya alikuja kutoka Masinga kwa pikipiki, akatazama lile bonde lililobaki, akasema chekechea isifunguliwe tena mpaka choo kipya kiwe tayari. Alisema haki. Watoto walikaa nyumbani, na Peris akakaa nyumbani pamoja nao.

Mwethya ukaitwa. Sehemu yetu hii, ukitoka shambani ni mawe, ukiacha mawe ni murram, changarawe nyekundu iliyokauka kama tofali. Lakini kwenye ukingo wa mto, chini ya migunga, udongo ni laini. Munyao akachagua hapo. Siku nne tu tukafika futi kumi na mbili, watu wakiimba. Hakuna aliyewahi kuona choo kinachimbwa haraka namna ile.

Mimi pia nilichimba. Siku ya tatu, kwenye futi ya tisa, niliona kilichokuwa kwenye sepeto langu si udongo tena. Kilikuwa mchanga wa mto, wenye vijiwe vyeupe, na umelowa. Zamani mto ulipita hapo, kisha ukahama. Nilitoka shimoni nikatembea hadi kithima nikihesabu hatua. Nikarudi nikihesabu tena. Ishirini na sita, mara zote mbili.

Kithima ni shimo tunalochimba katika mchanga wa mto baada ya mvua kwisha. Mto wetu unaonekana ukiwa na maji siku chache tu za mwaka. Yanayobaki yanakaa chini ya mchanga, na nyumba arobaini zinayategemea mpaka mvua ya mwezi wa kumi na moja. Tunakizungushia miiba ili mbuzi wasiingie. Tunateka kwa kikombe. Maji yake ni maangavu, na hapa kwetu maji maangavu ndiyo maji safi.

Nilikwenda kwa Munyao jioni hiyo.

"Maji ya kithima yanatoka chini, Mama Peris," akaniambia, akaelekeza kidole ardhini kati ya miguu yake. "Chini kabisa. Choo iko kando. Itayapata wapi?"

Hilo neno chini nilienda nalo nyumbani. Tunalisema kwa vitu viwili. Chini ni hapa miguuni, na chini ni kule mto unakoelekea. Munyao alimaanisha cha kwanza. Mimi nilikuwa nafikiria cha pili, kwa sababu lile shimo la choo liko upande wa juu, na kithima kiko upande wa chini.

Ningeweza kuacha. Lakini miaka mitatu iliyopita Peris alikuwa amepanga chumba Kinanie, kwenye ploti yenye kisima uani na choo uani. Maji ya kisima hicho yalikuwa maangavu kuliko haya yetu. Alishikwa na taifodi. Alipoletwa hospitalini utumbo ulikuwa umetoboka, wakampasua. Siku kumi na saba nililala sakafuni kando ya kitanda chake, na daktari aliniuliza swali moja tu ambalo sikuwa na jibu lake: maji mnakunywa ya wapi? Nilisoma darasa la saba, basi. Lakini siku kumi na saba ni nyingi kwa kufikiria swali moja.

Kwanza nilijaribu majivu. Nilimwaga debe zima la majivu na maji pale shimoni, mbele ya Munyao, tukangoja wiki mbili. Maji ya kithima hayakubadilika.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona," nikasema. Sikumbishia, kwa maana kwa kile tulichokiona yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Jibu lilikuja nikichuja chai. Majani yalibaki kwenye kichujio, na chai iliyoshuka kikombeni ilikuwa na sukari yake yote. Nikasimama na sufuria mkononi mpaka Peris akaniuliza kama nimeungua. Mchanga ni kichujio. Majivu yalikuwa majani. Nilihitaji sukari.

Sukari ingeleta sisimizi. Nikachagua chumvi ya mawe, magunia mawili, kutoka duka la mifugo. Nikaenda mbele ya kamati ya choo, nikasema nitakachofanya. Winfred, ambaye ndiye mpishi wa mwethya, alikuwepo.

"Chumvi isipoonekana kithimani mpaka siku ya kumwaga slabu," nikasema, "nitanyamaza, na choo kibaki. Ikionekana, shimo lihamishwe."

Ndipo Munyao alipocheka. "Tia! Tia hata gunia tano. Ng'ombe watakushukuru."

Nikamaliza mtungi wa kumi. Peris akakunja magunia matupu. Ilikuwa Jumapili, na slabu, zege la kufunika shimo, ilipangwa kumwagwa Ijumaa ya wiki ya pili, siku kumi na mbili baadaye. Chekechea ingefunguliwa Jumatatu inayofuata.

Kesho yake asubuhi nilikwenda upande wa juu wa mto, mbali na lile shimo la choo, nikachimba kithima kingine. Mchanga wa huko ni futi tatu tu kisha mwamba. Maji yake hayawezi kufika mwezi wa kumi. Lakini kwa majuma machache yangetosha, na nilitaka kuwa na maji mawili ya kulinganisha. Mzee Musili ana presha na daktari amemkataza chumvi, kwa hiyo nilimpelekea mitungi miwili kutoka kithima cha juu na nikamweleza kwa nini.

"Na hii ya juu ikiwa na chumvi pia?" akaniuliza.

"Basi nitakuwa nimekosea kila kitu, Asa, baba yangu, na nitakuja kukwambia."

Wanawake wengine niliwaambia pale pale kithimani. Siku tatu za kwanza kila mtu alionja kwa mzaha. Walinipa jina, Mama Chumvi. "Mama Chumvi, leo vipi, tuletee ndimu?" Siku ya nne wakaacha kuonja, kwa sababu mzaha nao huchakaa.

Mimi sikuacha. Kila alfajiri, kabla ya chai, nilikunywa kikombe kimoja cha kithima cha juu na kimoja cha kithima cha chini. Siku ya tano, hakuna. Siku ya nane, hakuna. Siku ya kumi nilidhani nimesikia kitu kwenye ncha ya ulimi, nikampa Peris.

"Ni maji," akasema.

"Onja tena."

"Mama, ni maji." Akanitazama. "Mimi ndiyo nimepasuliwa, lakini wewe ndiyo hujapona."

Hakusema kwa ukali. Yeye pia alikuwa na lake: watoto thelathini na mmoja waliokuwa wamesahau mpaka herufi walizozijua. Alitaka choo kiishe. Alinisaidia kumwaga chumvi huku akitaka choo kiishe, na sikumuuliza alifanyaje kubeba yote mawili.

Ijumaa ikafika. Nikaonja asubuhi na mapema. Juu, maji. Chini, maji. Nikafunga kikombe kwenye leso, nikamkuta Munyao akishusha simiti kwenye mkokoteni.

"Mwenyekiti, chumvi haijaja. Nilisema nitanyamaza."

Sasa hakucheka. Alifuta mkono wake kwenye suruali akanipa. "Hakuna ubaya, Mama Peris. Ulikuwa unatafutia watu mema. Kuja utusaidie na kokoto."

Nikabeba kokoto. Watu walikuwa zaidi ya thelathini. Fundi alikuwa Kinuthia, kijana wa upande wa Yatta ambaye wazazi wake walitoka Murang'a, na anayeongea Kikamba kinachowachekesha watu kiasi kwamba hawaoni wanafanya kazi. Alikata vyuma, akavifunga kwa waya, akapanga mbao. Mpango ulikuwa tule kwanza, kisha tumwage slabu bila kusimama mpaka iishe.

Punda walishuka na kupanda tangu saa moja. Maji ya kuchanganyia simiti, maji ya kunywa, maji ya kupikia watu thelathini. Kufikia saa sita kithima kilikuwa kimetekwa mitungi zaidi ya arobaini. Kwa kawaida hufanyi hivyo. Kwa kawaida unateka miwili, unakiachia kijikusanye.

Winfred alipakua muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na mbaazi, nasi tukaketi vivulini na sahani zetu. Nilikuwa sijagusa yangu niliposikia Kinuthia.

"Wueh! Mama, nyinyi Wakamba mnapenda chumvi hivi?"

"Kwani iko na chumvi?" Winfred akauliza kutoka jikoni.

"Haiko na chumvi. Chumvi ndiyo iko na muthokoi kidogo."

Watu wakacheka. Mtu mwingine akaonja, akakunja uso. "Winfred, nani amekuudhi nyumbani?"

"Nimetia kijiko moja! Kijiko moja kwa sufuria yote!" Winfred alitoka na mwiko mkononi. Ni mwanamke mkubwa, na hapendi kuguswa mahali pamoja tu, napo ni upishi wake. "Miaka sita napikia hii mwethya. Nani ashawahi kulalamika? Aseme!"

"Labda mkono umeteleza, mwaitu, mama yetu."

"Mkono wa nani? Leta hiyo sahani." Akaonja. Akaonja tena, kisha akaenda kwenye mtungi wa maji ya kunywa uliokuwa haujafunguliwa, akamimina kidogo kiganjani, akaramba.

Akageuka akanitafuta kwa macho.

"Kamanthe," akasema. "Kuja hapa."

Nikaenda. Nikaramba. Nilikuwa nimengoja ladha hiyo siku kumi na mbili, na ilipofika sikufurahi kama nilivyodhani. Maji yalikuwa na chumvi, si ya kukisia, ya kweli, kama machozi.

"Lakini asubuhi haikuwepo," nikasema kwa sauti, nikijisemesha mwenyewe zaidi. Kisha nikaelewa. Asubuhi kithima hukaa kimetulia. Leo tulikuwa tumekiteka mitungi arobaini, na shimo lililotolewa maji huvuta mengine kutoka kila upande ili lijae. Tulikuwa tumeyavuta wenyewe, kwa punda wetu, ili tumwage slabu.

Munyao alikuwa amesimama. "Nini iko?"

"Maji iko na chumvi," Winfred akasema. "Si chakula yangu. Maji. Kwanza nyote mliocheka mniombe msamaha, halafu tuongee."

Watu wakaushukia mtungi ule. Kisha wakashuka mtoni, karibu wote, wakaonja kithimani penyewe, kikombe kikizunguka mkono kwa mkono. Nikawaomba watembee nami mpaka kithima cha juu. Wakaonja na hicho. Kilikuwa kitamu kama siku zote. Tukarudi.

Munyao ndiye aliyeanza, na alianza kwa hasira.

"Umeharibu maji ya watu! Nyumba arobaini, Mama Peris! Ndiyo umefurahi?"

"Sijafurahi."

"Watakunywa nini?"

"Kithima cha juu kiko wazi, nimekizungushia miiba tayari. Chumvi itapita, mwenyekiti. Siku kadhaa, labda wiki mbili, itakuwa imeenda zake. Choo hakitapita. Kitakaa hapo miaka kumi na tano, na kila siku kitatiwa kitu."

"Basi si tuwe tunateka huko juu?" mtu akauliza nyuma. Lilikuwa swali zuri.

"Huko mchanga ni futi tatu. Mwezi wa kumi mtakuwa mnachota matope, halafu mtarudi hapa."

Kinuthia alikuwa amechutama kando ya kithima, akiosha mdomo kwa kidole. "Mwaitu, mimi niulize bila ubaya. Chumvi inayeyuka. Mdudu wa taifodi hayeyuki. Si mchanga inaweza kumshika, vile ilishika majivu?"

Nilifikiri kabla ya kumjibu, kwa kuwa watu wote walikuwa wananitazama na ingekuwa rahisi kusema zaidi ya ninachojua.

"Inaweza," nikasema. "Pengine inawashika wengine, pengine wote. Sijui. Ninachojua ni kwamba kuna njia kutoka lile shimo mpaka hiki kikombe, na inachukua siku kumi na mbili. Kumjua mdudu kama anapita au hapiti, kuna namna moja tu ya kupima kwa vitu tulivyo navyo hapa. Ni tumbo la mtoto. Hiyo mimi sitapima."

Peris alikuwa amesimama nyuma yangu. Sasa akasema, bila kupaza sauti, "Kinanie pia tulikuwa tunasema mchanga unachuja."

Kila mtu hapo alijua habari ya Kinanie. Wengi walikuja hospitalini, wengine walitoa damu.

"Mwalimu," Munyao akamwambia, "tukihamisha, nasari haifunguki Jumatatu. Unajua hiyo? Hata Jumatatu ile ingine. Huko kwingine ni jiwe."

"Najua."

"Na ni wewe uko nyumbani bila kazi tangu mwezi wa nne."

"Nimehesabu, mwenyekiti. Nitaenda nyumba kwa nyumba. Watoto watano watano, kwa jiko ya mama zao. Herufi hazihitaji choo."

Munyao akatuacha. Alitembea mpaka kwenye shimo akasimama ukingoni akitazama ndani. Lilikuwa shimo zuri. Pembe zake zilikuwa nne kweli, kuta zimenyooka. Yeye mwenyewe ndiye aliyezinyoosha, siku ya nne, na kamba yenye jiwe. Sikumfuata. Kuna mambo mtu anapaswa kuachiwa ayamalize peke yake.

Aliporudi alisema, "Mimi nilicheka mbele ya kamati."

"Ulicheka," Winfred akasema. "Nilikuwa hapo. Ulisema gunia tano."

"Nilisema hivyo." Akavua kofia, akaivaa tena. "Fundi, simiti inaweza kungoja?"

"Simiti iko kavu, itangoja. Na hata ungesema tumwage leo ningekataa." Kinuthia akainuka. "Hii maji ikiingia kwa simiti itakula vyuma. Miaka mitano slabu inavunjika, mtu anaingia. Halafu watu wanasema ni fundi Kinuthia. Mimi narudi Yatta jioni. Mkifika futi kumi nipigieni."

"Mama Peris," Munyao akasema, "unataka iende wapi? Najua umeshapima."

Nilikuwa nimepima. Nyuma ya kanisa, upande ule ambao maji ya mvua hukimbilia bonde lingine na si mto wetu, hatua mia moja na sitini kutoka kithima. Nilikuwa nimeweka jiwe jeupe hapo siku nyingi, nikiogopa kumwonyesha mtu.

Watu walipoona lile jiwe na ardhi iliyo chini yake, manung'uniko yakaanza. Mmoja akapiga jembe mara moja, likarudi juu kama limepigwa kwenye bati. "Hapa tutachimba mpaka Krismasi," akasema, akabeba jembe lake begani akaenda. Wengine wakasema wana ng'ombe wa kunywesha. Wengine hawakusema, walipungua tu. Sikuwalaumu. Walikuwa wameitwa kumaliza kazi, na sasa walionyeshwa kazi inaanza.

Tulibaki kumi na wawili.

Munyao akavua shati. Akachukua sururu, akatema mate viganjani, akapiga. Ikatoka cheche. Akapiga tena mahali pale pale, na tena, mpaka kipande kikubwa kama mkate kikaachana na ardhi. Akakiokota akakitupa miguuni pangu.

"Hiyo ya kwanza ni yako," akasema. "Umeipenda sana, itunze."

"Nitaiweka mezani," nikamjibu, na watu wakacheka, kicheko kifupi cha watu wanaojua wana kazi.

Tukapokezana. Sururu ilivunja, mtaimbo uliinua, sepeto likatoa. Kila mtu mapigo hamsini, kisha anampa mwenzake. Winfred alizima moto wake, akajifunga leso kiunoni, akaingia kwenye foleni. Mapigo yake hamsini yalikwenda ndani kuliko ya wanaume wawili, na aliwaambia hivyo. Peris hawezi kuinua sururu tangu apasuliwe, kwa hiyo alipanga vipande vya murram kando, vikubwa huku, vidogo huku, kwa sababu vitahitajika kufukia lile shimo la mtoni. Kinuthia alichelewa kuondoka. Alituchorea pembe nne kwa kamba na misumari, akatuonyesha tuchimbe kona moja kwanza kwenda chini, kisha tubomoe kutoka hapo kwa upande, badala ya kupigana na uso wote kwa pamoja. Baada ya hapo kazi ikaenda vizuri zaidi, ingawa vizuri kwa ardhi ile ni vidole vinne kwa saa.

Hakuna aliyeimba. Ilikuwa kazi isiyoacha pumzi ya wimbo.

Mikono yangu ilipasuka malengelenge kwenye zamu ya tatu. Munyao aliona, akasema niketi. Nikafunga leso kwenye mpini nikapiga mapigo yangu yote hamsini. Nilikuwa nimewaondoa watu hawa kwenye udongo laini. Nisingeweza kuketi.

Jua lilipogusa kilima tulisimama kutazama. Shimo lilikuwa limefika magotini kwa Munyao kwenye ile kona, na kwingine kwenye kifundo cha mguu.

"Futi moja na nusu," Kinuthia akasema, akifunga begi lake kwenye pikipiki. "Zimebaki nane na nusu."

"Kesho saa kumi na mbili," Munyao akasema. "Kabla jua. Nani anakuja?"

Mikono kumi na mmoja iliinuka. Wa kumi na mbili alisema ana mazishi, atakuja mchana. Munyao akasema atapita kwa wale walioondoka, nyumba kwa nyumba, awaambie mwenyewe kwamba yeye ndiye aliyekosea mahali, si mimi niliyewaongezea kazi. Nilitaka kumwambia si lazima. Nikaona ni lazima kwake.

Watu wakatawanyika. Mimi na Peris tukabaki na punda. Kando ya mbao za fundi kulikuwa na mitungi kumi na minane ya maji yaliyotekwa asubuhi kwa ajili ya slabu. Si ya kunywa, si ya simiti, na mbuzi walikuwa wamekwisha kuyanusa wakageuka.

Nilikagua sakafu ya lile shimo jipya kwa kidole. Ngumu. Lakini pale sururu ilipokuwa imepasua palikuwa na nyufa, nyembamba, za kutosha.

"Lete mtungi," nikamwambia Peris.

"Yote?"

"Yote. Murram ikilala imelowa, asubuhi inaachia."

Akakifungua kifuniko. Nikamimina wa kwanza kwenye kona ile yenye kina, maji yakatanda, yakasimama muda kama yamekataa, kisha nikaona mapovu madogo yakipanda kutoka kwenye ufa. Yalikuwa yanaingia.

"Ule mwingine," nikasema.